Niache Nimalize

Bweni la wasichana, ghorofa ya juu
9 Oktoba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine ya akiba, maana najua barua hii utawasomea wateja kabla hujaimaliza mwenyewe. Kiuno kinaendeleaje? Bado unanyoa umeegemea ukuta? Mkazamjomba nisalimie sana, mwambie sweta lake limeniokoa, huku asubuhi kuna baridi ya kuuma masikio.

Mama hajambo? Nakuuliza wewe kwa sababu yeye hanipi nafasi. Ananipigia kila Jumapili. Anauliza, "Umekula?" Kabla sijafungua kinywa anajijibu, "Umekula. Haya, jifunike vizuri." Anakata. Masomo hajaniuliza hata mara moja.

Ndiyo maana nakuandikia. Simu na mimi hatupatani, unajua. Nikikwama kwenye neno, aliye upande wa pili anadhani mtandao umepotea: haloo, haloo, mwisho anakata kweli. Karatasi inasubiri.

Sasa habari za huku. Chumba tunalala wawili. Mwenzangu anasomea misitu, ana mabuti yenye matope kuliko ya fundi bomba, na usingizini anataja majina ya miti. Idara ya Kifaransa iko chini kabisa, mkabala na chumba cha kuchapia karatasi, kwa hiyo tunasoma fasihi huku tunanusa wino. Tuna sarufi, fasihi, utamaduni na fonetiki, yaani somo la matamshi. Fonetiki inafundishwa kwenye maabara ya lugha: vibanda vya mbao vimepangwa kama vya kupigia kura, kila mtu na visikilizio vyake masikioni. Mwalimu wake ni mama mmoja mfupi, mkali, anayevaa raba. Wanafunzi wote wanamwita Madamu.

Mjomba, nimejifunza kitu nikacheka peke yangu. Kwenye Kifaransa neno moja linaweza kulishika mkono neno linalofuata. Herufi iliyokuwa imenyamaza mwisho wa neno inaamka, inaruka, inakuwa mwanzo wa neno jingine. Kwa hiyo maneno yanatoka yameshikana kama watoto wanaovuka barabara. Nikisoma kwa sauti ndani ya kibanda, mlango umefungwa, napita sentensi nzima sijagusa ukingo. Unakumbuka nilikwambia kule sekondari tulipokuwa tunaimba vitenzi darasa zima kwa pamoja, sikukwama hata siku moja? Ndiyo hivyo hivyo.

Siku ya kwanza kila mmoja alisimama akajitambulisha. Zamu yangu ilifika, ikapita.

Chakula cha bwalo kinalika. Nijibu upesi.

Mpwa wako

*

Kwenye kinyozi, nyuma ya stendi
30 Oktoba

Mama yangu,

Marahaba, na ile ya akiba nimeitunza. Wewe una jina la mama yangu aliyenizaa, basi mimi nikipokea shikamoo yako huwa naona haya kidogo, lakini napokea. Hatujambo. Kiuno kipo, mimi nipo, tunavumiliana. Mkazamjomba wako anasema sweta lirudishwe likiwa na mikono yote miwili.

Barua yako imesomwa dukani mara nyingi kuliko gazeti. Habari ya maneno kushikana mikono imeleta mjadala mkubwa. Fundi saa wa jirani anasema hiyo si lugha, ni gwaride. Nikamwambia subiri, mpwa wangu atarudi akugombeze kwa Kifaransa, utashukuru ukidhani umesifiwa.

Sasa sikia balaa. Nilitaka kukufurahisha. Yule kijana wa duka la vitabu nilimuuliza kinyozi anaitwaje kwa Kifaransa, akanitamkia. Nikamtamkia mchora mabango. Mchora mabango akaandika alichosikia, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KWAFA. Asubuhi napandisha shata la mlango, mzee mmoja amesimama nje anasoma, anatikisa kichwa. "Kinyozi, hapa mnanyoa au mnazika?" Wiki nzima wateja wanaingia wanasema wamekuja kufa. Mkazamjomba wako anataka bango lishuke. Mimi nasema libaki mpaka msomi mwenyewe aje alisahihishe.

Mama yako hajambo kabisa. Anakusalimu mno. Amesema, mwambie kipenzi changu, nuru ya macho yangu, asome kwa moyo mkunjufu, dua zangu ziko naye usiku na mchana. Hayo ni maneno yake, nimeyanakili yalivyo.

Usiruhusu zamu zako zipite. Sijui ulikuwa na maana gani, lakini nimeusoma ule mstari mfupi mara mbili.

Mjomba wako

*

Bweni la wasichana
6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mzima.

Nisamehe kwa kukaa kimya, tulikuwa na mitihani ya muhula. Mitihani imepita salama. Sasa tunasoma hadithi fupi za waandishi wa visiwani na wa bara letu wanaoandika Kifaransa. Nilidhani lugha hii ina wenyewe huko mbali tu, kumbe kuna watu wanaisema wakiwa wanapepeta mahindi. Nimefurahi.

Nina swali la masomo. Mteja aliyekuzidi umri ukitaka ainamishe kichwa, unamwambiaje? Na kijana je? Nahitaji maneno yenyewe unayotumia.

Msalimie Mkazamjomba. Bango mlishushe.

Mpwa wako

*

Kwenye kinyozi
20 Februari

Mama yangu wewe!

Marahaba, marahaba! Mitihani umepita! Nilipofika hapo nilizima mashine, mteja amenyolewa upande mmoja, nikasoma kwa sauti. Fundi saa alikuja na saa ya mtu mkononi. Mkazamjomba wako amepiga vigelegele ambavyo sijavisikia tangu harusi yetu, na harusi yetu alikuwa amenuna.

Wapo waliosema, mama yangu. Hapa hapa kwenye benchi langu. Mtoto mwenye kigugumizi anapelekwaje kusomea lugha? Si angesomea maabara, akaangalie vidudu kwenye darubini, hakuna kidudu kitakachomhoji? Niliendelea kunyoa. Leo nimewajibu. Nimesema: kichwa kile mimi ndiye niliyekinyoa nywele za kwanza, najua kilichomo.

Mama yako nimempa habari. Moyo wake umefurika kama mto wa masika, akatokwa na machozi ya furaha, akasema, mwambie ua la bustani yangu kwamba nimemridhia kwa yote. Alitamani aandike mwenyewe ila kazi za wodini zimembana.

Swali lako la kuinamisha kichwa nitalijibu vizuri nikikaa. Leo ni siku ya kushangilia.

Mjomba wa msomi

*

Bweni la wasichana
3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini kiuno kimepoa. Mwenzangu wa chumbani amepata homa ya tumbo lakini sasa anakula. Mvua zimeanza, njia ya kwenda maktaba imekuwa uji.

Mjomba, kaa chini kwanza. Niliandika mitihani imepita. Sikuandika nimepita. Nilijua utakavyosoma, nikakuacha usome hivyo.

Ya kuandika nimefaulu yote, na ya sarufi nimekuwa wa pili darasani. Wa kuzungumza nimeanguka. Ulikuwa hivi. Unaingia kwenye chumba, wamekaa watahini, unatakiwa kuanza kwa kujitambulisha. Jina langu, Mjomba. Maneno mengine naweza kuyazunguka, nikatafuta jirani yake nikalisema hilo. Jina halina jirani. Lilikwama. Nilisikia saa ya ukutani. Mkuu wa idara ni mtu mwema, alinihurumia, akalitaja yeye kwa niaba yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo sikusema neno tena. Walinipa maji nikanywa, nikatoka.

Mkuu wa idara akaniita ofisini. Akasema naweza kusamehewa mitihani ya kuzungumza, niwe naandika tu, ila cheti kitaonyesha hivyo. Au nihamie ukutubi, nikae na vitabu. Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulioniuma. Nikimkatalia, nitarudia tarehe 24 mwezi wa sita, na nikianguka tena nitaondolewa idarani.

Nilikwenda maabara kuchukua mkoba wangu nikamkuta Madamu anafuta visikilizio kwa kitambaa. Akaniambia nikae. Akasema, "Mimi sikufundishi kutokwama. Siwezi, na si kazi yangu. Nakufundisha Kifaransa. Ukikwama, kwama kwa Kifaransa." Nilicheka mpaka nikalia. Tangu siku hiyo tunakutana kila Alhamisi mchana. Ananifanya nizungumze na watu walio hai: mhudumu wa bwalo, mlinzi, wanafunzi wa mwaka wa tatu. Mlinzi hajui Kifaransa hata kidogo lakini ananisikiliza vizuri kuliko wote.

Nimemkatalia mkuu wa idara. Nitarudia.

Sasa zamu yako. Mama hajawahi kuniita kipenzi tangu nizaliwe. Mama akinisifu husema, "Si vibaya." Nuru ya macho, ua la bustani, mto wa masika: hizo ni kadi za sikukuu za duka la vitabu, Mjomba. Niambie ukweli. Mama alisema nini? Kuna nini kati yenu?

Na tafadhali usimwambie kwamba nimeanguka. Atasema alijua.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mjomba, shikamoo. Mwezi umekatika hujajibu. Umenikasirikia? Kama umeaibika dukani kwa sababu yangu, niambie tu. Hata hivyo bado nahitaji yale maneno ya kuinamisha kichwa. Mada yangu ya mtihani inayategemea.

*

Kwenye kinyozi
11 Mei

Mama yangu,

Marahaba. Hatujambo, ila Mkazamjomba wako alibanwa na kifua, sasa anaamrisha kama kawaida, maana yake amepona. Bango lilishuka lenyewe na upepo.

Nikuonee aibu wewe? Niliwaambia wateja siku ile ile nilipopata barua. Nilisema: nilisoma vibaya, hajapita ule wa kuzungumza, lakini amekataa kusamehewa. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa "mnanyoa au mnazika" alisema, "Amekataa kusamehewa? Huyo mrudishieni salamu zangu." Basi zipokee.

Nilichelewa kwa sababu uliniuliza ukweli na sikuwa nao wa kukupa bila kuufuata kwanza.

Mimi na mama yako hatujasemezana tangu ulipoondoka. Siku ile basi lako lilipotoka stendi alinigeukia akasema, "Umempeleka mtoto wangu akachekwe." Nikamjibu, "Wewe ungemfungia kabatini." Dada yangu mkubwa huyo, nikamjibu hivyo mbele ya wapiga debe. Zamani akitoka zamu hospitali alikuwa anapitia dukani, anakaa kiti cha dirishani anakunywa chai na kunikosoa. Tangu siku hiyo anazungukia barabara ya pili. Salamu zote zile nilizitunga. Niliona vibaya barua ziende bila neno la mama. Kadi za duka la vitabu umenionea. Moja tu ndiyo niliichukua huko, zingine ni kipaji changu.

Baada ya barua yako nilifunga duka mchana nikaenda wodini kwake. Alinitazama juu ya miwani. "Kama ni mgonjwa, chukua namba." Nikarudi. Wiki nyingine nikaenda tena, akawa ana zamu nzito. Safari ya tatu nilichukua namba kweli, nikakaa benchi na wagonjwa mpaka akaniita. Nikasema, "Dada, ninaumwa wewe." Akaweka kalamu mezani. Halafu akauliza, "Amefeli?"

Uliniambia nisiseme. Sikusema. Nilifungua mdomo, pa kutokea sikupaona, nikakwama mimi sasa. Alinisubiri, akasoma usoni. Akauliza, "Atarudia lini?" Nikamtajia siku. Akachukua faili la mgonjwa, akaingia ndani. Hakuna zaidi. Sijui alichofikiri, na safari hii sitakutungia.

Haya, vichwa. Mzee namwambia, "Naomba kichwa, mzee wangu." Wa rika langu, "Inama kidogo, bwana." Kijana, "Lete kichwa." Mtoto simwambii, nakikamata. Mama aliyeleta nywele za kupunguzwa, "Samahani mama, nigeuzie upande." Na mkuu wa polisi simwambii kitu. Nasubiri mpaka ainame mwenyewe.

Nenda kakwame kwa Kifaransa, mama yangu. Sisi tupo.

Mjomba wako

*

Bweni la wasichana
30 Juni

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini Mkazamjomba amepona kifua na duka lina vichwa vya kutosha. Mimi nimefaulu. Naandika nimefaulu, herufi zote, usije ukasema tena umesoma vibaya. Sasa kaa nikusimulie, na wasomee wote.

Mtihani wa marudio ulifanyika kwenye ukumbi mdogo, siku moja na mawasilisho ya darasa letu, milango wazi, anayetaka anaingia. Mbele walikaa mkuu wa idara, Madamu na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mzee wa miwani minene na sauti ya redio. Mimi nilikuwa wa mwisho. Madamu hakunitazama kabisa, alikuwa anachonga penseli, nami nilijua kwamba kule kutonitazama ndiko kunitazama kwake.

Nikasimama. Nikaanza jina langu.

Likakwama, Mjomba, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikasikia kiti kikilia. Nikasikia mtu akikohoa. Yule mgeni akaangalia karatasi yake, akatabasamu, akafungua kinywa kunitajia. Akatoa silabi ya kwanza.

Nikanyanyua mkono. Nikasema, "Laissez-moi finir, s'il vous plaît." Yaani, niache nimalize, tafadhali.

Ilitoka yote. Haikugusa popote. Hata mimi nilishtuka, nikataka kugeuka nione nani amesema. Yule mzee akafunga kinywa, akaweka karatasi mezani, akakunja mikono. Ukumbi ukanyamaza, ila sasa kimya kilikuwa changu, hakikunilemea. Nikalirudia jina langu. Likachukua muda liliotaka. Nikalimaliza.

Mada yangu ilikuwa hii. Wafaransa wana "wewe" mbili: moja ya rafiki na mtoto, nyingine ya mgeni na mkubwa, na hiyo ya pili ndiyo ile ile wanayotumia kwa watu wengi. Sisi "wewe" tunayo moja. Sasa mtafsiri afanyeje? Akiandika "wewe" tu, amemvua mtu mzima koti. Akiandika "ninyi", amemgeuza mtu mmoja kuwa umati. Nikasema heshima yetu haikai kwenye "wewe", inakaa pembeni yake: mzee wangu, mama, bwana, mjomba. Mtafsiri lazima ajue nani anaongea na nani ndipo achague. Nikawapa duka la kinyozi na vichwa vyako vyote, kimoja kimoja. Nilipofika kwa mkuu wa polisi, yule mgeni alicheka mpaka akavua miwani.

Nilikwama mara nyingi. Sitakudanganya. Kuna mahali nilikwama mpaka jasho likanidondoka kwenye karatasi. Lakini nilikuwa nakwama nikijua ninakokwenda, na hakuna aliyenisaidia tena. Mwishoni mgeni aliniuliza maswali magumu, nikajibu. La mwisho aliuliza: yeye nilipomkatiza, mbona nilitumia ile ya heshima? Nikamwambia, "Kwa sababu nilitaka unyamaze, sikutaka ukasirike." Hapo hata Madamu aliacha kuchonga penseli.

Wakapiga makofi. Nikainua macho kwa mara ya kwanza mpaka nyuma ya ukumbi.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Amevaa sare yake ya uuguzi, juu yake sweta, mkoba magotini. Alitoka zamu akapanda basi moja kwa moja. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa ameshika ule mkoba kama mtu aliye kwenye gari linaloshuka mlima.

Nilimfuata. Akanitengeneza kola ya shati. Akasema, "Umekonda." Tukatoka. Alikagua chumba changu, akapima homa ya mwenzangu asiye na homa, akakunja nguo zangu upya. Jioni nikamsindikiza stendi. Tulipokaribia geti la stendi ndipo akauliza, "Yule mzee wa miwani, ulimwambia nini akatulia vile?"

Nikamwambia, "Nilimwambia aniache nimalize."

Alisimama, Mjomba. Watu wanatupita na mizigo. Akasema, "Na mimi ndiyo nimekuwa nikikumalizia miaka yote hii." Nikataka kusema hapana, Mama, si hivyo. Neno likakwama. Na Mama yangu, ambaye hajawahi kusubiri hata maji yachemke, alisimama pale pembeni ya geti akasubiri. Watu wakatusukuma, akawasukuma na yeye. Neno lilipotoka halikuwa "hapana" tena. Nilisema, "Ndiyo. Lakini umekuja."

Akaitikia. Akapanda basi. Sijui akifika atakwambia nini au hatakwambia kitu. Wewe ndiye utakayeniambia, na safari hii bila kipaji chako.

Mpwa wako, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kifaransa

*

Kwenye kinyozi, nyuma ya stendi
15 Julai

Mama yangu, msomi wangu,

Marahaba, mara zote unazotaka. Hatujambo nyumba nzima. Mkazamjomba wako anasema usirudishe sweta, livae mpaka lichakae.

Barua yako nimeisoma dukani. Nilipofika pale pa kunyanyua mkono, hakuna aliyepumua. Fundi saa alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Basi, imetosha," akatoka nje akidai ameingiwa na unywele jichoni.

Sasa yako. Nitakupa yalivyo, sijaongeza chumvi.

Jumamosi baada ya mtihani wako nilikuwa namnyoa yule mwenye duka la simiti, baba wa kijana anayerudia kidato cha nne kila mwaka, duka limejaa, benchi limejaa. Mlango ukasukumwa. Dada yangu. Hakusema hodi. Alimtazama kijana aliyekaa kiti cha dirishani, kijana akainuka bila kuambiwa. Akaketi. Akasema, "Chai yako bado mbaya?" Nikasema, "Mbaya vilevile." Akasema, "Nipe." Hivyo ndivyo tulivyopatana, mama yangu. Kama kulikuwa na njia nzuri zaidi, sisi hatukuifahamu.

Alikunywa kikombe kizima ndipo akaanza kusimulia. Sijawahi kumsikia dada yangu akiongea muda mrefu namna ile bila kumgombeza mtu. Alieleza ukumbi, viti, mwalimu wa raba, mzee wa miwani. Alisema hakuelewa neno hata moja, lakini alijua ulipokuwa unapanda na ulipokuwa unashuka. Alisema, "Nilikuwa nakazana badala yake. Nilikuwa naliona neno limekaa pale, nataka kusimama nimtolee. Halafu nikaona anainua mkono." Alizungusha kikombe mkononi. Wateja wakamsubiri. Akasema, "Nikakaa."

Mwenye duka la simiti si mtu mbaya, ila kichwa kikiwa na povu ulimi wake haujui kukaa. Akageuza shingo, "Dada, samahani, huyo binti wa Kifaransa si ndiye yule... yule wa..." Akatafuta neno la adabu, akalikosa. Benchi lote likainama kutazama viatu.

Mama yako akaweka kikombe. "Ndiye yule. Anakwama, anaendelea, anamaliza. Kwa Kifaransa, mbele ya maprofesa. Wewe mwanao mwaka wa ngapi huu, na amemaliza nini?"

Duka lililipuka, mama yangu. Kicheko kilitoka mpaka stendi, wapiga debe wakaja kuchungulia. Ilibidi niondoe wembe shingoni mwa yule bwana na kuuweka mbali, kwa sababu nilikuwa nimeinama kwa kicheko, na yeye mwenyewe chini ya povu alikuwa anacheka kuliko sote. Dada yangu hakucheka. Alikaa wima kwenye kiti chake, kidevu juu, akaninyooshea kikombe nimwongezee.

Mjomba wako, kinyozi